Msemo Uliotoka Saluni Kwangu

Saluni ya Wanaume,
Mkabala na lango la pili la chuo.

Jumapili, tarehe 16 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Shemeji naye mfikishie shikamoo yake. Wapwa zangu wawili wape marahaba kabisa kabla hawajaniamkia, maana najua watasahau.

Habari za siku nyingi? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema wodini mmepungukiwa na watu, na kwamba unageuza wagonjwa peke yako. Dada, usijitie ujana. Umri wako naujua, mimi ndiye niliyekuja nyuma yako.

Hapa sisi ni wazima. Wifi yako hajambo, bado yuko masijala ya zahanati, na bado anaamini kila mtu ni mgonjwa mpaka athibitishe vinginevyo. Mimi nina goti tu, ugonjwa wa watu wa kusimama kutwa. Binti yako ni mzima. Naandika tena: binti yako ni mzima, anakula, analala, anasoma. Nimeitanguliza habari hiyo makusudi ili mengine uyasome moyo ukiwa umetulia, kwa kuwa yanayofuata si mepesi, ingawa yamekwisha vizuri.

Barua hii anakuletea muuguzi mwenzako aliyekuja likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua. Ukisikia neno la kwanza ungenirushia maswali saba, na mimi katikati ya maswali ningepata mwanya wa kuiruka sehemu inayonihusu. Karatasi hainikatizi wala hainipi mwanya. Tena ni binti yako mwenyewe aliyesema kwamba sasa unaweza kuambiwa. Muda wote huu alituapisha tukunyamazie, akihofia utaacha kazi na kupanda basi siku hiyohiyo. Usimkasirikie kwa hilo. Ukitaka mtu wa kumkasirikia, vuta subira, nitakuletea mbele kidogo.

Unakumbuka mwezi wa tano ulipolalamika kwamba hapokei simu, nami nikakuambia ana mitihani? Sikukudanganya, nami nilidanganywa hivyo nikaamini. Hakuwa na mitihani. Alikuwa anasumbuliwa na mwanafunzi mwenzake, kijana wa darasa lake, na alikuwa amefika mahali pa kutaka kuacha chuo.

Ili unielewe, lazima nianze na kazi yangu. Saluni yangu unaijua kwa picha: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la watu wanne wanaosubiri zamu. Wateja wangu karibu wote ni wanafunzi. Mashine zinafanana mji mzima, Dada, na hata mkono wangu si wa ajabu. Kinachowaleta kwangu ni mdomo. Mteja akinisimulia mkasa, mimi huufunga kwa msemo wa kutunga papo hapo, unaofanana na methali ya kale. Wao hucheka, wengine huuandika kwenye simu. Kuna mmoja aliuingiza msemo wangu kwenye insha yake, mwalimu akamwandikia pembeni, "Methali hii umeitoa wapi?" Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kati ya wateja hao alikuwepo kijana waliyemwita Kapteni, kwa sababu ndiye nahodha wa timu ya mpira ya kitivo chao. Kijana mrefu, mcheshi, mwenye adabu ya kuamkia kabla hajaketi. Alikuja kila baada ya wiki mbili, Ijumaa. Nilimpenda, sitakuficha. Hakujua kwamba nina mpwa chuoni, na mimi sikujua kwamba wanasoma darasa moja. Binti yako analala bwenini na Jumamosi huja nyumbani kula. Saluni hapiti, anasema inanuka spiriti na uongo.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa nne, saa kumi za jioni, Kapteni alikaa kitini na wenzake watatu wakajipanga kwenye benchi. Nikiwa namchonga nyuma ya sikio, akaanza kusimulia habari za msichana fulani. Jina hakulitaja. Walimwita Glavu, kwa kuwa maabarani huvaa glavu mwanzo mpaka mwisho, hata kwa kazi ambayo wengine huifanya mikono mitupu. Alisema msichana huyo anaringa, hajibu ujumbe, na amemfungia kwenye simu. Siku moja, akasema, alimfuata stoo ya vifaa vya maabara, akauegemea mlango kwa mgongo, akamwambia hapiti mtu mpaka nijibiwe. Msichana akabaki amekumbatia kreti ya chupa. Akasema alimshika kiuno kidogo tu, utani, kisha akampisha.

Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, Dada. Nilicheka kama ninavyocheka kila siku, kwa mazoea, macho yangu yako kwenye mstari wa nywele. Kisha, kama kawaida yangu, nikaufunga mkasa wake. Nikasema, "Anayegonga mara mia, ya mia na moja hufunguliwa." Kapteni alipiga paja akasema, "Mzee, huo naondoka nao." Akanishukuru kwa kunyolewa vizuri, akatoka na wenzake.

Nilifuta kiti nikamkaribisha mwingine. Siku hiyo nililala usingizi mzuri kabisa.

Binti yako alianza kuziruka Jumamosi zake za kuja kula. Mara ana kazi ya kikundi, mara kichwa kinauma. Akija, anakaa kiti kinachotazama mlango na anakula kama mtu anayehesabiwa matonge. Mimi nikasema ni masomo. Wifi yako akasema ni upungufu wa damu. Mwezi wa tano, Jumamosi ya tatu, akaja na karatasi ndani ya bahasha, akaiweka juu ya meza kando ya sahani yangu. Ilikuwa fomu ya kuahirisha masomo mwaka mzima, inataka saini ya mlezi.

Nikaanza kuhutubia, unanijua. Nikamkumbusha mama yake anavyogeuza wagonjwa ugenini, nikamkumbusha shemeji, nikafika mpaka kwa marehemu babu. Wifi yako akanipiga teke chini ya meza nikanyamaza. Akamsogelea, akamuuliza polepole, "Nani amekuudhi, mwanangu?"

Akasema yote. Chai ilipoa, ikaota utando. Yalianza mwezi wa pili kwa ujumbe wa kawaida, ukawa ujumbe kumi kwa siku, ukawa ujumbe wa kutaja mwili wake. Kijana huyo alikuwa kiongozi wa kikundi chao cha maabara, ndiye anayetia alama ya mahudhurio na ndiye anayeshika ufunguo wa stoo, kwa hiyo kumkwepa ilikuwa sawa na kukwepa somo. Akatueleza siku ya stoo. Alipomwambia msichana mwenzake, huyo alimjibu kwamba ndivyo alivyo, mzoee tu.

Halafu akaongeza jambo moja. "Tangu hapo nikiingia darasani, safu ya nyuma wanagonga meza. Ko, ko, ko. Halafu mmoja anasema 'mia na moja', wanacheka. Sijui hata maana yake, mjomba."

Mimi nilijua maana yake.

Niliinuka nikaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi. Nilisimama bombani mpaka wifi yako akaniita.  Hapa nimshukuru mke wangu, maana kazi yote aliifanya yeye. Alimwambia, "Nakuamini, na kosa si lako." Hakumuuliza alivaa nini, wala kwa nini hakupiga kelele, wala kwa nini alikaa kimya miezi mitatu. Maswali hayo mimi nilikuwa nayo mdomoni, nakiri. Bahati nzuri mdomo ulikuwa umekufa ganzi.

Ganzi ilipoisha nikataka vita. Nikasema Ijumaa ijayo kijana akikaa kitini nitamwonyesha kwamba wembe una pande mbili. Wifi yako akaniambia nikimgusa tu, kesi itakuwa yangu na mtoto atabaki bila kesi na bila mjomba. Mwanamke huyu angezaliwa mwanasheria, zahanati ingebaki na mafaili yasiyosomeka.

Jumatatu alimsindikiza chuoni, kwenye dawati la jinsia. Nilidhani ni meza tu yenye bango, kumbe kuna mtu na kazi inafanyika. Mshauri wao ni mama mfupi, mwenye sauti ndogo na daftari kubwa. Alimwambia kwamba uamuzi wa kushtaki ni wake mwenyewe, si wa mjomba wala wa chuo. Alimwambia asifute ujumbe hata mmoja, aandike anayoyakumbuka na tarehe zake, na sisi wa nyumbani tusimkaribie kijana kwa mazuri wala mabaya. Ile fomu ya kuahirisha akaitia kwenye droo yake. Alisema tuanze kwa kumwondoa aliyekosa, huyu ana masomo ya kuhudhuria.

Na kweli, siku mbili hazikupita kijana akahamishiwa kikundi kingine, chini ya fundi sanifu wa maabara mwenyewe. Hiyo ilifanyika kabla hata kesi haijasikilizwa. Nilishangaa, kwa kuwa nilizoea kwamba anayelalamika ndiye anayefungasha.

Lakini shida ilikuwa moja. Kapteni alipoitwa alisema ujumbe ule ulikuwa utani wa vijana, na stoo hakuwahi kuingia na msichana yeyote. Ndani ya stoo walikuwa watu wawili tu. Wale wa benchi walikuwa marafiki zake; walipoulizwa pamoja na darasa zima, nao hawakuona kitu, hawakusikia kitu. Binti yako alituambia wazi: kamati ikisema hakuna ushahidi, atarudi kuichukua fomu yake, maana hawezi kukaa miaka miwili mingine katika darasa linalogonga meza.

Sasa, Dada, ushahidi wote uliokosekana ulikuwa umekaa kinywani mwangu. Mimi ndiye mtu mzima pekee aliyemsikia akisema kwa mdomo wake. Na ili niseme nilichosikia, ilibidi niseme na nilichojibu.

Nilinyamaza siku sita. Wahenga wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami kidole changu kilikuwa kizima. Nilinyoa watu bila kusema kitu, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimefunga saumu ya maneno. Usinicheke, lakini nilikuwa najiuliza kama naweza kutoa ushahidi nusu. Niseme nilisikia, nisiseme nilicheka. Nani angejua?

Siku ya sita wifi yako aliniuliza kuna nini, nikamwambia. Alikuwa anakata kitunguu. Alikiweka kisu chini, akasema, "Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Nilimwita binti yako saluni Jumamosi mchana, nikageuza kibao cha mlangoni kionyeshe tumefunga. Alikaa kwenye benchi. Nikamwambia yote kwa mpangilio: Ijumaa ile, stoo, kicheko, msemo. Nilimwambia mia na moja ilitoka hapa, kwenye ulimi huu. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu. "Ulipokuwa unacheka, ulifikiri huyo msichana ni mtoto wa nani?"

Ningeweza kutunga jibu, Dada, kutunga ndiyo kazi yangu. Nikamwambia kweli. Nikasema, "Sikufikiri ni mtoto wa mtu."

Akachukua begi lake akaondoka. Siku nne hakupokea simu yangu, wala ya wifi yako. Siku nne hizo ndizo nilizoonja majuto. Watu husema majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja vizazi viwili. Yalinijia siku hiyohiyo na meno yote. Nilikuwa nafikiri nimempoteza, tena nimempotezea na chuo.

Siku ya tano ukaingia ujumbe wake. Nimeuhifadhi. Unasema: "Nenda ukaseme. Sema yote, na kucheka kwako pia. Usijipunguzie."

Nilipojiandikisha kwa mshauri kuwa shahidi, habari zikafika kwa baba yake Kapteni. Akaja nyumbani na wazee wawili, watu wa heshima zao, viatu wamevua mlangoni. Wakasema haya ni mambo ya watoto, sisi wakubwa tukae tuyamalize, ya nini kwenda kuanikana mbele ya kamati. Baba akaniomba msamaha mimi kwa unyenyekevu mkubwa. Na kwa malezi tuliyolelewa, Dada, mzee mwenzako akikuinamia humwachi ameinama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema tutaliangalia. Wifi yako akaingia na sinia la chai. Akawakaribisha vizuri, kisha akasema, "Aliyekosewa hayupo hapa. Msamaha huu anapelekewa nani?" Walikunywa chai, wakaangalia zulia, wakaaga. Simlaumu yule baba, mtoto ni wake.

Kamati ilikaa katikati ya mwezi wa saba, katika chumba chenye meza ndefu na feni inayogonga kama saa mbovu. Watu watano, wawili kati yao wanafunzi. Binti yako alihojiwa chumba cha pembeni akiwa na mshauri wake, hakulazimishwa kumtazama kijana usoni. Mimi niliitwa baadaye. Nilivaa ile suti ya harusi, vifungo havifungi tena, nikaketi mikono juu ya magoti.

Nikasema nilichosikia. Mwenyekiti akaniuliza kama kijana alisema kwa majuto au kwa hofu. Nikasema alisema kwa kujisifu. Kisha mwanafunzi aliyekuja kumtetea Kapteni akanigeukia, kijana mwerevu kweli.

"Na wewe uliposikia ulifanya nini?"

"Nilicheka."

"Kwa hiyo hata wewe mtu mzima hukuona ubaya wowote?"

"Sikuuona. Ndiyo maana nimekuja."

Nikawaambia na msemo, nikautamka pale mbele yao. Mmoja wa wale wanafunzi wa kamati aliinamisha kichwa akaandika, nikatambua kwamba alikuwa ameshausikia chuoni. Kapteni alikuwa amekaa upande wa pili. Hakuniangalia. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa na mtu mwingine, vibaya.

Nilitoka pale nikidhani sijasaidia kitu. Lakini wiki iliyofuata, mmoja wa wale watatu wa benchi alikwenda mwenyewe kwa mshauri, bila kuitwa, akasema naye alisikia, akaonyesha na ujumbe wa kundi la darasa walimopanga kugonga meza. Alipita saluni baadaye, akasimama mlangoni. Aliniambia, "Mzee, ulipoweza kusema ulicheka, na mimi nikaona naweza." Nikampa kiti akae, akakataa, alikuwa na kipindi.

Uamuzi ulitoka Alhamisi ya wiki iliyopita hiyo nyingine, tarehe sita. Kapteni amesimamishwa masomo mwaka mmoja, na akirudi hatakaa darasa moja na binti yako, tena harudi mpaka apite kwa washauri kwanza. Uongozi amevuliwa. Wagonga meza watano wamepewa onyo la maandishi na vipindi vya kuhudhuria. Stoo imewekwa mlango wa kioo na ufunguo anashika fundi sanifu. Mahudhurio hayatiwi alama tena na mwanafunzi. Na binti yako, Dada, anaendelea mwaka wa pili palepale alipokuwa.

Alinipigia akiwa bado kwenye ngazi za jengo, anahema. Mimi nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa tayari, nusu bado. Nilizima mashine, nikaenda kukaa kwenye kile kiti kingine kitupu, nikajifunika uso kwa taulo la wateja. Kinyozi hajinyoi, lakini siku hiyo alipata kiti chake. Mteja alisubiri kwa adabu, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, na upande huu je?" Nilicheka mpaka machozi yakapata kisingizio. Nilimnyoa bure.

Sitakuficha, biashara iliyumba. Marafiki wa Kapteni walihama wote, na kwa wiki tatu nilikuwa nafagia sakafu isiyo na nywele. Sasa wanarudi mmojammoja. Na misemo nimepunguza. Mtu akianza mkasa wa aina ile, nazima mashine namuuliza, "Na yeye alisema nini?" Dada, mtu aliyenyolewa nusu kichwa hawezi kuondoka. Lazima ajibu. Wengine wananuna, wengine wanatafakari, mmoja alisema hajawahi kumuuliza. Nikamwambia basi akamuulize, kisha nikawasha mashine.

Jumamosi iliyopita binti yako alikuja nyumbani, akalalamika saa nzima. Alilalamika kuhusu mhadhiri anayeongea na ubao badala ya wanafunzi, mwenzake wa chumba anayeimba mswaki ukiwa mdomoni, foleni ya maktaba, na viatu vipya vinavyobana. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza mpira timu yake ikiwa inaongoza. Sijawahi kufurahia manung'uniko kiasi kile. Wifi yako akamwongeza chakula, naye akala.

Sasa neno langu kwako. Uliniachia mtoto ukaniambia, nakuachia macho yangu. Mimi nikacheka alipokuwa amebanwa mlangoni, na nikawapa waliombana kitu cha kusema. Kwamba sikujua ni yeye si utetezi, hilo yeye mwenyewe alinionyesha kwa swali moja. Nakuomba radhi, Dada. Ukinijibu kwa matusi nitayasoma yote, hata mara mbili.

Ninachokuomba ni kimoja. Usipande basi. Akikupigia, usimuulize kwa nini hakukuambia, na usimfundishe alichopaswa kufanya, maana alichopaswa kufanya amekifanya. Mwache aongee.

Msalimie shemeji, mwambie ile redio yake bado ipo kwangu na bado haifanyi kazi. Kitindamimba wenu mwambie ajitahidi hesabu, na yule kaka yake mwambie nina jambo la kuzungumza naye kabla hajaanza kuota ndevu, mimi na yeye, mwanamume kwa mwanamume, na sitafanya mzaha. Shangazi wa ng'ambo ya barabara anakusalimu, na wifi yako anasema ukiinua wagonjwa upinde magoti, siyo mgongo.

Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe mikono ya kukusaidia, na akurudishe kwetu salama uje umwone mtoto wako alivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye safari hii kwa kweli anaogopa jibu lako,

Kinyozi wako.

Mama,

Mjomba ameniachia nafasi hii chini. Nimeisoma yote na ni kweli, isipokuwa kwamba, kama mshauri alivyoniambia, alilia mbele ya kamati na hakukuandikia.

Bado sijamaliza kumkasirikia. Namkasirikia kila Jumamosi, nikiwa mezani kwake, na ninaongezwa chakula.

Kwenye droo ya mshauri sijaenda kuchukua kitu. Nitakupigia Jumapili ukitoka zamu.

Mwanao.